Nyuki wa Pembeni mwa Kibao

Kaeni vizuri, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hadithi ya leo nimeibeba nusu tu. Nusu iliyobaki mtaibeba ninyi, kwa hiyo asije mtu baadaye akaniambia kwamba alikuwa anasinzia.

Tabora, mtaa wa Ng'ambo, palikuwa na fundi wa kuandika vibao aliyeitwa Mihayo. Kwa Kinyamwezi mihayo ni maneno, na waliompa jina hilo hawakukosea. Kwa miaka arobaini aliandika majina ya maduka, hoteli, vinyozi na mashine za kusaga. Hata asiyejua kusoma alizitambua herufi zake. S yake ilikuwa na tumbo la mtu aliyeshiba. A yake ilifungwa mkanda chini kidogo ya kiuno. Rangi yake ya njano haikuwa njano ya kopo, ilikuwa yake peke yake, kama asali inayopenywa na jua, na kila herufi aliipa kivuli, ukadhani imetoka ukutani inataka kukusalimia. Akimaliza, chini kabisa pembeni, alipiga nyuki mdogo mwenye mabawa mawili na miguu mitatu. Ukimwuliza miguu mingine iko wapi, alikujibu kwamba iko upande wa pili wa ukuta.

Nyuki yule alikuwa na kanuni yake. Fundi Mihayo alilipiga umbo lake kwa kiolezo, kipande cha bati kilichotobolewa, ambacho alipewa na mwalimu wake, na mwalimu alipewa na wa kwake. Kila mara kilitoka kwa mtu mmoja kikaenda kwa mtu mmoja.

"Nyuki ni mlango wa kugonga," fundi alikuwa akisema. "Kibao kikiwa na kosa, mwenye duka ajue anakwenda kwa nani. Ukimwonyesha mtu milango mitatu, kila mwenye mlango atamwambia agonge kwa jirani."

Basi mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, kampuni moja ya vinywaji ikaja mjini na kupaka rangi kuta za maduka bure. Nani anakataa cha bure? Ukuta baada ya ukuta ukapakwa, na herufi za Fundi Mihayo zikaingia chini ya rangi mpya moja moja. Siku walipofika kwenye ukuta wa mwisho, fundi alikaa barazani akatazama mpaka walipomaliza. Kisha akamwambia mkewe, mbele ya wanafunzi wake watatu, "Siku herufi zangu zitakaposimama tena bila mkono wangu, aliyezisimamisha apewe nyuki."

Wiki ya tatu baada ya hapo akapigwa na kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia na kikachukua ulimi. Fundi wa maneno akabaki hana hata moja.

Sasa wajueni wale watatu.

Kalunde alijaliwa mkono. Tangu akiwa msichana alikuwa akimshikia fundi kamba ya chaki, ile inayovutwa na kupigwa ukutani ili mstari unyooke, na katika kushika huko herufi zote zilimwingia vidoleni. Ungemwamsha asubuhi ukamwambia "S ya fundi", angekuchorea mchangani kwa kijiti kabla hajanawa uso. Lakini kompyuta aliiogopa. Kipanya chake alikishika kana kwamba kitamng'ata.

Sudi alijaliwa subira ya kompyuta. Alikuwa na steshenari karibu na stendi, na katika programu yake ya kuhariri picha aliweza kulifanya neno lolote liwe jiwe, liwe moto au liwe hariri. Alijua kwamba neno zuri halijengwi kwa mara moja. Unaweka tabaka la herufi, juu yake tabaka la mwanga, chini yake tabaka la kivuli, na kila tabaka linakaa peke yake ili uweze kulisogeza bila kuligusa jingine. Lakini ukimpa kalamu, hata jina lake mwenyewe lilipanda mlima.

Mrisho alijaliwa jicho. Yeye ndiye aliyekuwa akimchanganyia fundi rangi kwenye makopo, na ndiye aliyejua kwamba ile njano ilitiwa tone la nyekundu na masizi kidogo ya chini ya sufuria. Siku hizi alisimamia mashine kubwa ya kuchapa mabango. "Rangi ya kwenye skrini ni taa," aliwaambia wateja, "na rangi ya kwenye karatasi ni wino. Usiniletee taa ukadai nikuchapie taa." Lakini mstari ulionyooka hakuweza kuuchora, na akikaa mbele ya kompyuta dakika kumi machozi yalimtoka.

Na nyumbani mwa fundi alikuwamo mkewe, Bi. Nyamizi. Huyu hakuwa fundi wa chochote, mwenyewe alisema hivyo. Alikaanga maandazi mbele ya nyumba, na wale watatu wote walikua wakiyala.

Jumatatu moja alikuja Bwana Kasubi, mwenyekiti wa chama cha warina asali, ameshika chupa ya asali mpya.

"Shikamoo, Bi. Nyamizi."

"Marahaba, Kasubi. Za porini?"

"Za porini njema, za mjini ndizo zinatusumbua." Akaketi. "Ghala letu lilikuwa na maandishi ya Mzee, unayakumbuka, ASALI YA MSITUNI. Yamepakwa. Sasa Jumamosi tunafungua duka, na tunataka kibao kile kile, kisha na lebo za chupa. Wateja wa Shinyanga wanazijua herufi kuliko wanavyotujua sisi."

"Mzee hawezi, baba. Unamwona."

"Namwona. Lakini ana wanafunzi. Na nyuki awepo pembeni. Asipokuwepo, watu watasema tunauza ya bandia. Mwenye nyuki ndiye atakayekuwa fundi wetu tangu siku hiyo."

Bi. Nyamizi akamtazama mumewe. Kwa miezi minne alikuwa amelala ameuelekea ukuta, anakula kwa kugombezwa. Lakini Kasubi alipotaja yale maneno matatu, ule mkono wa kushoto, uliobaki mzima, ulijikunja juu ya shuka kama unashika brashi. Bi. Nyamizi aliuona. Kibao cha asali hakikumhusu sana. Alichotaka ni mume wake ageuke.

Akawaita wale watatu, akawaambia. Na kwa kuwa kila mmoja aliikumbuka ile ahadi ya nyuki, kila mmoja akaenda kujifungia peke yake.

Jumanne asubuhi alikuja Kalunde na karatasi kubwa. Alikuwa amezichora herufi zote kwa penseli, tumbo la S liko pale, mkanda wa A uko pale. Fundi alizitazama kitambo. Kisha akafumba macho, na siku hizi kufumba macho kwake kulikuwa na maana ya hapana.

Mchana alikuja Sudi na kompyuta yake ya kupakata. Alikuwa amechukua herufi zilizomo humo humo ndani, akazifanya dhahabu inayometameta, akaziwekea nyota kwenye pembe na moshi kwa chini. Mtoto wa jirani aliyepita alizisifu sana. Fundi alifumba macho kabla hata Sudi hajamaliza kuigeuza skrini.

Alasiri alikuja Mrisho. Yeye hakuleta neno lolote, alileta kipande cha karatasi kilichojaa njano ya fundi, ile ile. Fundi aliishika, akaipeleka karibu na pua, akakaa nayo. Mrisho alikwisha kuanza kutabasamu. Kisha fundi akaigeuza upande wa pili akitafuta herufi, hakuiona, akafumba macho.

Bi. Nyamizi akakasirika. "Mnamtesa mzee wangu," aliwaambia. "Mnamjia mmoja mmoja na vipande, kama watu waliovunja sahani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nendeni mkakae meza moja."

Wakaenda. Jumatano nzima walikaa steshenari kwa Sudi. Kwanza walitafuta picha za zamani, maana kuta zile zilikuwa nyingi na simu za watu ni nyingi. Lakini watu hupiga picha bibi harusi, hawapigi ukuta ulio nyuma yake. Walichoambulia ni robo ya S iliyochungulia juu ya bega la mtu.

Basi Sudi akaipiga picha ile karatasi ya Kalunde, akaiingiza kwenye kompyuta, na Kalunde akasimama nyuma yake akimwongoza, hapa nenesha, hapa punguza, hapo umemkatia S chakula. Sudi akafuata kingo nukta kwa nukta. Akaweka mwanga, akaweka ukingo, akaweka kivuli. Mrisho akachapa vipande vya kujaribia. Cha kwanza, ile njano iliyowaka vizuri kwenye skrini ilitoka imefifia kama uji wa ulezi. Cha pili kilielekea kijani. Cha nane, kesho yake asubuhi, ndicho kilichokuwa chenyewe, naye akaandika vipimo vya wino kwenye kiganja kwa kalamu ya bluu, kama alivyozoea.

Alhamisi mchana wakamletea fundi karatasi iliyochapwa, upana wa meza. Wakaishika watatu, pembe kwa pembe.

Fundi alitazama. Akainua mkono wa kushoto, akafuata tumbo la S kwa kidole. Akaushika mkanda wa A. Akainusa rangi. Kisha kidole cha fundi kikashuka kwenye kivuli, kikasimama hapo, kikaanza kukisukuma. Alikisukuma kwenda kushoto. Akarudia. Akarudia tena mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, kisha akafumba macho na kugeukia ukuta.

"Hataki kivuli," akasema Sudi.

"Anataka kiwe chepesi," akasema Mrisho. "Wino umezidi."

"Mimi kivuli sikijui," akasema Kalunde. "Alikipaka mwenyewe mwisho kabisa, sisi tukiwa tumeshapelekwa kuosha brashi. Ukutani nilikiona kila siku, lakini upande wake sikuutia maanani."

Bi. Nyamizi alikuwa ameketi mlangoni anakanda unga. Mikono ilimsimama ndani ya beseni, kwa sababu yeye alijua.

Alijua kwa kuwa alikuwepo. Miaka arobaini nyuma, kabla hajawa mke wa mtu, alikuwa akikaanga maandazi kando ya duka moja la nguo, na kijana mmoja mwembamba akaja kuandika ukuta wa duka hilo. Ulikuwa ukuta wake wa kwanza. Yeye Nyamizi alikaa upande wa kushoto wa ukuta, juani, hana hata mwamvuli. Siku ya tatu kijana akashuka kwenye ngazi, akamwambia, "Dada, jua linakuunguza, nami sina cha kukupa. Nitakuandikia kivuli." Akapanda, akakipaka kivuli cha kila herufi upande wa kushoto, upande aliokaa yeye. Mafundi wengine wote wa mji hukilaza kulia. Nyamizi alicheka akamwuliza kivuli cha rangi kinamfunika nani. Kijana akajibu, "Wewe." Tangu hapo kila ukuta wa Mihayo, uwe wa kinyozi au wa mashine ya kusaga, kivuli kilikwenda kushoto. Hakuna aliyeuliza sababu, na wao wawili hawakumwambia mtu.

Sasa ungekuwa wewe, na mvi zako kichwani, ungewasimulia hayo watu uliowalea kwa maandazi? Bi. Nyamizi aliona haya.

"Kilazeni kushoto," alisema tu.

"Kwa nini, Mama?" akauliza Kalunde.

"Kwa sababu huko ndiko kilikokuwa kikilala. Kilazeni kushoto."

Sudi akaifungua kompyuta palepale, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. Ili faili liwe jepesi kulipeleka kwenye mashine ya Mrisho, alikuwa ameyakandamiza matabaka yote kuwa moja na kulihifadhi hivyo, na ile picha ya karatasi ya Kalunde akaifuta. Kivuli kilikuwa kimegandamana na herufi, na herufi na mwanga. Ukikivuta kimoja, vyote vinakuja.

"Si neno," akasema Mrisho, "tutaanza upya, vipimo vya rangi ninavyo." Akafungua kiganja. Kilikuwa cheupe, kimetakata. Alikuwa ametia udhu kwa ajili ya swala ya adhuhuri, na kalamu ya bluu haishindani na maji.

"Basi angalau karatasi yangu ipo," akasema Kalunde. "Mama, niliirudisha jana jioni nikaiweka hapo juu ya kabati."

Bi. Nyamizi akatazama kabati, akatazama beseni, akatazama watu. "Ile kubwa? Ile yenye penseli?" Akajifuta unga mikononi. "Asubuhi nimefungia maandazi ya yule mwalimu wa kona. Nilidhani ni karatasi tu."

Mrisho akaanza kucheka, akafuata Kalunde, na mwishowe Sudi naye akashindwa kujizuia. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko kwa miezi minne. Kutoka kitandani fundi aligeuza kichwa kidogo kuona kuna nini.

Ijumaa wakaanza upya kila kitu.

Kalunde hakutaka karatasi. Alifagia sakafu ya saruji ya steshenari, akachuchumaa na chaki, akazichora herufi zote kutoka kichwani. Alipofika kwenye S alifumba macho kabisa, akauacha mkono uende wenyewe, kwa sababu alisema macho yanamchanganya. Alipoyafumbua, S ilikuwa imeshiba.

Sudi akapanda juu ya kiti akapiga picha ile sakafu, akafuata kingo kwa mara ya pili. Kivuli hakikutii upesi. Kompyuta, kama wale mafundi wengine, imezoea kukitupa kulia. Akauzungusha mwanga mpaka upande wa pili, na alipouzungusha akaona kwamba kazi yote lazima igeuke nao, maana kivuli kikienda kushoto, mng'ao hauwezi kukaa kushoto vilevile. Akabadilisha ukingo wa kila herufi, moja moja. Safari hii kila tabaka alilipa jina lake na hakukandamiza hata moja.

Mrisho hakuwa na vipimo tena. Akaiomba ile chupa ya Bwana Kasubi, akaisimamisha mlangoni kwenye mashine yake jua likiipenya, akawa anachapa kipande na kukiweka kando ya asali, anachapa kingine na kukiweka kando ya asali. Alitumia wino mwingi na akakosa chakula cha mchana. Kipande cha kumi na nne alipokiweka, alirudi nyuma hatua tatu na hakuweza kuona chupa inaishia wapi na karatasi inaanzia wapi. Akakichukua kipande hicho akarudi nacho steshenari.

Jumamosi saa mbili asubuhi wakakileta kibao chenyewe, kimebandikwa kwenye ubao, wakakisimamisha mbele ya kitanda. Bwana Kasubi alikuwa ameshafika na bajaji ya kukibeba. Pembeni chini palikuwa pameachwa nafasi ndogo tupu, ya nyuki.

Fundi Mihayo alitazama. Hakugusa S, hakugusa A. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kivuli, yakakifuata kushoto, yakaendelea kushoto mpaka mwisho wa kibao, yakatoka nje ya kibao, na huko ndiko Bi. Nyamizi alikokuwa amesimama. Akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri, kilitoka kwa upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa chake. Bi. Nyamizi akalia waziwazi na hakujifuta.

Kisha fundi akapeleka mkono chini ya mto, akatoa kile kiolezo cha bati. Wale watatu wakasogea. Yeye akamwashiria mkewe aje. Akauchukua mkono wake, akamwekea bati kiganjani, akamfumba vidole kimoja baada ya kingine. Hakumtazama Kalunde, hakumtazama Sudi, hakumtazama Mrisho. Akajilaza kwa uchovu, uso ameuelekeza chumbani, na usingizi ukamchukua.

"Chanda chema huvikwa pete," akasema Bwana Kasubi. "Sasa ni kipi?"

Kalunde alitangulia. "Mama, wewe unajua. Mwili wa herufi ni wangu. Nimezichora mara mbili, na mara ya pili bila kutazamia popote. Hao wengine wamepaka mwanga na rangi, sawa, lakini walipaka juu ya nini?"

"Chaki yako ilifagiliwa jana ile ile," akasema Sudi, kwa upole, maana hakutaka ugomvi. "Mzee alisema aliyezisimamisha. Kalunde, za kwako zilikuwa zimelala sakafuni. Aliyezipa mwanga na kivuli zikasimama ni mimi. Kilichomchekesha Mzee ni kivuli, kila mtu ameona."

"Na za kwako zilikuwa ndani ya kioo," akasema Mrisho. "Umeme ukikatika hazipo. Mimi ndiye niliyezitoa nje mtu akaweza kuzishika. Kila nilipomletea Mzee rangi hii aliipeleka puani. Mtu hanusi umbo, jamani."

"Pigeni nyuki watatu basi," akasema Bwana Kasubi, akitazama saa. "Kila mtu wa kwake."

"Mzee alikataa milango mitatu," akasema Bi. Nyamizi. "Na wewe mwenyewe, lebo ikitoka vibaya, utamfuata nani?"

Kasubi akafikiri. "Kweli. Nitazungushwa."

Bi. Nyamizi alitoka akaenda kukaa mlangoni, ngumi ameifumba. Bati lilikuwa linamchoma kidogo kwa pembe zake. Alimpenda Kalunde kama binti, na alijua kwamba bila mikono ile herufi za mumewe zingekufa. Lakini mikono ya Kalunde inazeeka, na wa Mzee ulizimika kwa asubuhi moja. Alimwonea Sudi fahari, kwa kuwa kilicho kwenye kompyuta yake sasa kinaweza kuandikwa hata miaka mia. Lakini Sudi peke yake alikuwa ameleta moshi na nyota. Na Mrisho? Mrisho alikosa chakula akiitafuta njano ambayo watu wengi wasingeona tofauti yake. Lakini njano bila neno ni kopo la rangi. Akimpa mmoja, wawili wataondoka, na alikwisha kuona jinsi wanavyotazamana.

Halafu lilikuwapo jambo la nne, ambalo hakulitamka. Mzee alikuwa ameikataa kazi ya wote watatu kwa sababu ya kitu kimoja, na kitu hicho hakikujulikana na mkono, wala kompyuta, wala jicho. Kilijulikana na mkaanga maandazi. Na vidole vyake alifumbwa na Mzee mwenyewe. Je, alipewa bati akampe mtu, au alipewa liwe lake? Hajui kuchora hata O. Lakini mlango wa kugonga anaweza kuwa, tena anajua kila kosa la kupeleka kwa nani. Angejipa, wale watatu wangesema mwamuzi amejitwalia ushindi, na ili kuwajibu ingebidi asimulie habari za jua, ngazi na kijana mwembamba, habari ambazo kwa miaka arobaini zilikuwa za watu wawili.

Bajaji imewashwa. Bwana Kasubi amesimama, duka linafunguliwa saa nne. Nafasi ya nyuki pembeni mwa kibao bado tupu.

Haya, nusu yangu imeishia hapo. Mnamwona Bi. Nyamizi ameinuka mlangoni, na wale watatu wamemkodolea macho. Ungekuwa wewe ni yeye, kiganja ungekifungua mbele ya nani? Na wewe uliyekwisha kusema moyoni kwamba ungekifumba, tuambie vilevile: kesho asubuhi wakija kunywa chai na maandazi yako, utawaambia nini?